Nyumba Mgongoni mwa Pikapu

Hapo zamani, na usinikunjie uso, maana zamani yangu haina sungura wala mfalme. Ni zamani ya masika matatu yaliyopita, watu wake wana simu na gari lao lina namba. Mimi shule niliiacha kidato cha pili, nikawaachia na dawati langu. Lakini fumbo hili nimewategea walimu, nimewategea mashehe, nimemtegea hata hakimu mstaafu aliyekuja msibani kwetu akiwa na fimbo yake ya heshima, na wote niliwaacha wanagombana wenyewe kwa wenyewe. Kwa hiyo wewe unayejiona una akili, vuta mkeka, kaa.

Kondoa alikuwepo mama mmoja, Bi Mwasiti, mjane mwenye watoto watatu. Wa kwanza Hamidu, dereva, mwenye pikapu yake ya kubebea alizeti. Wa pili Swedi, fundi wa kuchomelea vyuma. Ukipita mtaani ukaona geti lina maua ya chuma mazito kama yamemkosea mtu, ujue ni lake. Wa tatu Rukia, mhudumu wa zahanati, mpenda usafi ambaye hata kuku wake walikuwa wanatoka nje ya ua kwenda kunya kwa jirani.

Halafu yupo wa nne ambaye Bi Mwasiti hakumzaa. Sikudhani, mke wa Hamidu. Huyu kazi yake ilikuwa kupima magunia kwenye ghala la kununulia alizeti. Miaka kumi na miwili mbele ya mizani. Ulikuwa unampa gunia, analinyanyua pembe moja tu, anakwambia kilo zake. Ukilipandisha kwenye mizani unakuta mizani inamuunga mkono.

Bi Mwasiti alianguka akavunjika nyonga. Mfupa ukaunga vibaya. Kukaa hawezi zaidi ya muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai. Ama alale, ama asimame kidogo ameshika ukuta. Aliishi kwa Hamidu, na aliyemwogesha kila asubuhi si mwanawe yeyote. Ni Sikudhani. Hilo liweke pembeni, utalihitaji.

Siku moja ikaja simu kutoka mbali, kijiji cha ndani upande wa Mpanda, huko kwenye misitu ya walima tumbaku. Aliyepiga ni Mwanaisha, binti wa Bi Zaituni, na Bi Zaituni ni dada mkubwa wa Bi Mwasiti, tumbo moja. Mwanaisha akasema mama yake anaumwa, chakula hakipiti, na anamtaka mdogo wake.

Uani pale kila mtu aliacha alichokuwa anafanya. Maana dada hawa wawili hawakuwa wamesemeshana kwa miaka thelathini na mmoja.

Sababu ni hii. Zamani hizo Zaituni alifika mlangoni kwa Mwasiti na mtoto mgongoni, mtoto ana surua, macho yameziba. Anaomba pa kulala, kesho ampeleke hospitali. Mwasiti ndani ana kichanga cha wiki mbili, ndiye Rukia huyu. Akafunga mlango. Akamwambia dada yake kupitia dirishani aende kwa majirani. Zaituni hakwenda kwa majirani. Aligeuza njia, na yule mtoto akafia mgongoni kabla hajafika popote. Sasa usianze kunihukumia Mwasiti hapa, hilo si fumbo langu. La kwangu bado.

Bi Mwasiti akaomba simu iwekwe sikioni kwa dada yake. Ikawekwa. Zaituni akaisukuma. Akamtuma Mwanaisha aseme: "Neno langu kwake ninalo. La kusamehe au la kutosamehe, atalipata uso kwa uso. Kwenye simu sisemi."

Basi kazi ikawa moja tu: Bi Mwasiti afikishwe kwa dada yake, amkute yu hai. Basi la abiria hawezi, atakaa vipi siku mbili? Hamidu akasema pikapu ipo. Tutamjengea mama nyumba juu ya pikapu, alale humo mpaka mlangoni kwa mama mkubwa.

Wakakaa kupanga. Sikudhani akasema la kwake la kwanza, na kumbe la mwisho. Akasema fremu iwe ya miti miepesi, juu turubai, ndani godoro la sufi na mito, madumu mawili ya maji, beseni na ndoo yenye mfuniko.

"Gari hili linabeba tani moja," alisema. "Halibebi tani moja na mapenzi."

Rukia akamtazama kuanzia miguuni. "Wifi, huyu ni mama. Si gunia la alizeti."

Swedi akacheka. Hamidu, mume mtu, akacheka. Na Bi Mwasiti, amelala kwenye jamvi lake pale pale, naye akacheka. Nafikiri kicheko hicho cha mwisho ndicho kilichomwingia Sikudhani. Aliinuka, akakusanya vikombe, na tangu saa ile hakusema tena neno lolote la uzito.

Ujenzi ukaanza.

Hamidu akataka nyumba iwe ndefu. Mama nyonga yake haikunjiki, lazima anyooke, na mbele ya kitanda pabaki nafasi asimame, na kando ya kitanda benchi la wageni, maana njiani kuna jamaa Singida watapanda kumsalimia. Swedi akamwambia kaka, ikiwa ndefu hivyo kitako kitatoka nje ya matairi ya nyuma. Hamidu akamwambia kitoke. Kikatoka, hatua nzima ya mtu mzima. Pikapu ikachuchumaa kidogo. Sikudhani akapita na ndoo, akatazama, akaendelea na ndoo yake.

Swedi akataka chuma. Mbao ni za banda la kuku, alisema, mama yake hapandi banda. Mabomba ya mraba, bati nene, mlango wa chuma wenye maua, ngazi ya chuma ya kukunja. Paa akaliinua mpaka mtu mrefu asimame bila kuinama. Bi Mwasiti alipopandishwa kuijaribu, aliunyoosha mkono juu hakugusa paa, akasema humu ningekuwa na miguu ningecheza ngoma. Watu wakapiga makofi. Pikapu ikachuchumaa. Sikudhani akapita na ndoo, akatazama, akaendelea na ndoo yake.

Rukia akataka maji. Mama siku hizi mkojo haumngoji, lazima aoshwe, tena aoshwe kama mtu, si kupanguswa na kitambaa. Kikajengwa chumba cha choo, na juu ya choo pipa la lita mia tatu lenye bomba. Kikajengwa wapi? Kule kule kitakoni, nyuma kabisa, ili harufu isimfikie mama. Pipa likajazwa. Safari hii pikapu haikuchuchumaa, ilikaa. Pua juu, kitako chini, kama mbwa anayengoja mfupa.

Sikudhani alikuwa ameshaiweka ndoo. Alisimama akaangalia. Hakuna aliyemuuliza, naye hakujitolea kusema.

Sasa hapa sikiliza vizuri, wewe wa diploma. Kwetu gari halipimwi kwa kilo, linapimwa kwa jicho. Dereva anarudi nyuma hatua kumi, anachutama, anaangalia kitako. Kimelala, mzigo umezidi. Kimesimama, twende. Ndivyo tulivyopima tangu gari la kwanza liingie Kondoa, na usicheke, najua hata kwenu wapo. Kwa hiyo Swedi alipoona kitako kimelala alijua dawa yake. Akaingia chini na jeki, akafungua springi, akaongeza vyuma vitatu kila upande. Alipotoa jeki, pikapu ikasimama wima. Hamidu akarudi hatua kumi, akachutama, akaangalia.

"Imekubali," akasema.

Wakapakia na zawadi: unga, karanga, madebe mawili ya mafuta ya alizeti, benchi, jiko. Imekubali, imekubali. Wakaondoka Jumanne alfajiri, mtaa mzima umesimama barabarani. Mbele Hamidu kwenye usukani, Swedi katikati, Sikudhani dirishani. Ndani ya nyumba, mama kitandani na Rukia kwenye benchi. Mimi mwenyewe niliiona ikipita, na sitakudanganya, ilikuwa nzuri. Ilinipita kama harusi.

Lami ikawabeba. Singida jamaa wakapanda, wakakaa benchini, wakasifu, wakapiga picha. Bi Mwasiti alikuwa anachungulia dirishani kama malkia. Kila walipotia mafuta alimpigia Mwanaisha, na Mwanaisha alisema yupo, ananong'ona, anauliza mmefika wapi.

Mbele huko wakakuta mizani ya barabarani. Malori yamepanga foleni yanangoja kupanda. Pikapu haziitwi pale, zinapita kando. Hamidu akapunguza mwendo, akamgeukia mkewe na utani wake ule wa siku zote.

"Mpimaji, wenzako hao. Tuingie ukawasalimie?"

Swedi akacheka.

Sikudhani alikuwa anaiangalia ile mizani. Kwa mtu aliyesimama mbele ya mizani miaka kumi na miwili, unaweza kufikiri alichokuwa anakiona. Dakika tano tu. Kupanda, kusoma namba, kushuka.

"Pita," akasema.

Wakapita.

Wakalala Tabora. Asubuhi pipa lilikuwa limebaki nusu. Rukia akatafuta bomba, akalijaza likafurika, kwa sababu mbele ni pori na hakujua kama kuna maji. Wakaiacha lami, na baadaye wakaingia barabara ya vumbi ya kwenda kijijini. Wale wanaoijua barabara ya aina hiyo wanajua: imekunjamana kama ubao wa kufulia, meno yanagongana, unachosema kinakatika vipande. Saa mbili na nusu simu ikaita. Mwanaisha. Akasema njooni, mama ameomba kitanda chake kigeuzwe kitazame barabara.

Kilichobaki ni mwendo wa saa mbili. Hamidu akakanyaga mafuta.

Saa tatu, kwenye mteremko wa kijito kilichokauka, kitu kikalia chini yao kama bunduki. Chasisi, ule uti wa mgongo wa gari unaobeba kila kitu, ilikatika nyuma ya kichwa cha gari. Pua ikapanda juu, kitako kikagonga chini. Nyumba nzima ikalala kwa nyuma. Kitanda kikateleza, mama akateleza nacho, pipa likapasuka. Mlango wa maua ukakwama. Swedi alilazimika kuukata mlango wake mwenyewe kwa nyundo na patasi, na ndani humo alikuwa anamsikia mama yake akisema taratibu, kama anayeongea na mtoto, fanyeni haraka, fanyeni haraka.

Walimtoa amelowa maji na mkojo, amekumbatiwa na Rukia, mzima. Mfupa mwingine haukuvunjika. Wakamlaza kwenye kanga kando ya barabara.

Hamidu akaingia uvunguni, akatoka, akakaa chini. Akasema haiwezekani, springi zote nzima, gari lilikuwa limesimama, halikulemewa.

Sikudhani akasema, "Nyumba kilo mia saba. Kitanda na benchi mia na ishirini. Choo na maji mia tatu na arobaini. Zawadi na jiko mia na hamsini. Mama na Rukia mia na thelathini. Kilo elfu moja mia nne na arobaini, na nusu yake inaning'inia nyuma ya matairi. Nyie wawili wa mbele sikuwahesabu, wala mimi."

Wakamtazama.

"Ulijua," Hamidu akasema.

"Nilijua tangu Kondoa."

Hakuna aliyempiga. Mimi nilipohadithiwa nilidhani atapigwa. Waliishiwa nguvu tu. Bi Mwasiti alisikia yote pale alipolala, akafumba macho.

Wakangoja. Barabara hiyo gari hupita linapojisikia. Ikawa saa nne, saa sita, saa nane. Simu mtandao umekata. Saa tisa likaja lori la mbolea linaelekea huko huko. Kwa dereva palikuwa na kiti kimoja, na Bi Mwasiti kukaa hawezi. Basi mama aliyejengewa nyumba ya kusimama akapandishwa juu ya magunia ya mbolea. Sikudhani akapanda kwanza, akalala chali, akamlaza mama mkwe juu yake, mwili wake ukawa godoro, akamfunga kiunoni kwa kamba ya lori pamoja na yeye mwenyewe. Kwa mwendo wa saa mbili na nusu kila shimo lilimwingia Sikudhani kabla ya kumfikia Bi Mwasiti. Aliposhushwa mgongo ulikuwa umechubuka hadi kanga imegandia kwenye nyama. Hilo nalo liweke pembeni.

Walipofika waliwakuta watu wanatoka upande wa makaburini, majembe begani.

Bi Zaituni alikata roho saa saba mchana, anatazama barabara. Saa kumi na moja akazikwa. Bi Mwasiti akamuuliza Mwanaisha neno moja tu: aliacha ujumbe gani? Na Mwanaisha, hakusema kwa ubaya, alisema kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa, akajibu, "Nilimwomba aniambie mimi. Akasema si la kwako."

Hivyo ndivyo Bi Mwasiti alivyopata jibu la miaka thelathini na mmoja. Hakusamehewa, na hakukataliwa msamaha. Alibaki mlangoni.

Hakulia. Watu wa kule walimshangaa. Alilala kwenye kitanda cha marehemu, bado kimetazama barabara, siku tatu za matanga, anakunywa uji, haongei. Siku ya tatu, wageni walipopungua, akawaita wanne wake. Wakasimama kwenye ukuta.

"Mimi nimekosa neno la dada yangu, na nitakufa sijui lilikuwa lipi," akasema. "Sasa na mimi nina neno. Radhi yangu. Watatu nitawapa leo. Mmoja simpi, hapa wala kaburini. Sitachagua mimi. Mimi ni mama, nitapendelea. Tokeni nje mkae, mniletee jina moja. Mkishindwa kupatana kabla ya adhana ya alasiri, nawanyima wote wanne."

Hamidu akasema Mama. Akamwambia toka.

Sasa radhi ya mama mimi sikufundishi. Nyumba yako isiposimama, mke asiposhika mimba, biashara ikioza, unajua watu wataanza kuuliza nini. Hata wewe unayejifanya huamini, umekaa vizuri ghafla.

Wakatoka, wakatandika mkeka upenuni. Na kwa kuwa walikuwa ndugu waliopendana, walianza kwa adabu, kila mmoja anasema labda ni mimi. Adabu hiyo ilidumu kama moshi wa sigara.

Swedi alimwanza Hamidu. Akasema nilikwambia kitako kitatoka nje, ukaniambia kitoke. Nani alitaka benchi la wageni? Mama hakuomba benchi. Benchi lilikuwa la kwako, watu wa Singida wakuone. Na kwenye ile barabara ya mikunjo nani aliendesha kama anafukuzwa?

Hamidu akajibu, "Simu ilisema mama mkubwa anageuzwa kitanda. Ungeendesha polepole wewe?" Na urefu alitaka kwa sababu nyonga ya mama haikunjiki, au walitaka amkunje mama ili gari lipone? Kisha naye akamgeukia Swedi. Wewe ndiye fundi, akasema, mimi ni dereva. Gari lilipochuchumaa lilikuwa linatuambia limechoka. Wewe ukaingia chini na vyuma vyako sita ukaliziba mdomo. Usingeongeza springi, mimi na jicho langu ningeona, ningepunguza. Ulinipofusha.

Swedi akasema springi ziliongezwa mbele ya watu wote, na aliyerudi hatua kumi akasema imekubali si yeye. Na chuma alichomelea bure, mikono yake imeungua, ili ukigonga kitu mama asipondeke kama yai. Akasema mlitaka aje amepondeka? Pipa lilipopasuka chuma ndicho kilichomuokoa.

Hapo neno pipa likamwamsha Rukia. Wakamgeukia wote wawili. Pipa kule kitakoni nani aliliweka? Tabora nani alilijaza? Nusu ingetosha mpaka jioni.

Rukia akasema kwa sauti ndogo. "Mama alimfungia mlango dada yake. Kwa ajili yangu. Mlitaka nimfikishe ananuka mkojo, Bi Zaituni amwone hivyo, aseme hata Rukia uliyenifungia kwa ajili yake hajakuogesha?" Akasema kaka zake wanajua vyuma na magari, yeye hajui, kama maji ni mazito mbona hakuna mwanamume aliyemwambia? Akainua kidole akamwelekezea wifi yake. "Aliyejua kilo za maji ni huyu."

Ndipo wote watatu wakamtazama Sikudhani, na nakwambia, walimtazama kwa raha, kama watu walioona kivuli mchana wa jua. Mgeni. Hakuzaliwa humu.

Hamidu mumewe ndiye aliyesema. "Sisi tulikosa kwa kutojua. Wewe ulijua. Tulipita mizani, nikakuuliza kwa mdomo wangu, tuingie? Ukasema pita."

"Uliniuliza unacheka," Sikudhani akasema.

"Na kama nilicheka? Alikuwa mama yule aliyekuwa ndani."

"Alicheka na yeye."

Akajiweka sawa, amekaa upande kwa sababu ya mgongo. Kisha akasema la kwake. Nilisema siku ya kwanza, mbele yenu, kabla bomba moja halijakatwa. Neno langu mlilitupa wenyewe, sasa mnanidai niliokote. Nilimwogesha mama yenu miaka miwili, hakuna aliyeniambia simjali. Nilipotaja kilo mkaniambia nimemwona gunia. Na alipolala juu ya magunia kweli, nani alikuwa chini yake? Mnaninyima radhi kwa ulimi. Mgongo wangu je?

Rukia akamwambia, "Mgongo uliutoa saa tisa, gari limeshakatika. Mizani tulipita jana yake."

Sikudhani akavuta kanga, akaifunika ile michubuko. Na mimi sikuzushii jibu lake ili hadithi ipendeze.

Nimewasikia watu wakikimbia hapa. Kuna anayesema mlaumu mama, mbona alikubali kila kitu, mbona alicheka. Kaa chini. Mama ndiye anayeulizia jina, hayumo kwenye kura, ukimtaja umekwepa. Kuna mwingine anasema wakatae wote, wapoteze wote pamoja, ndugu ni ndugu. Huyo hajawahi kuwa na kitu cha kupoteza. Yule hakimu mstaafu alisema wagawane kosa robo robo. Nikamwambia mzee, radhi si mkate.

Watatu wanaponea kwa jina la mmoja. Ukimtaja Hamidu, umemnyima aliyekimbia ili mama awahi. Ukimtaja Swedi, umemnyima aliyejenga kile kilichomtoa mama mzima. Ukimtaja Rukia, umeufunga mlango ule kwa mara ya pili, safari hii yeye akiwa nje. Ukimtaja Sikudhani ni rahisi mno, ndugu watatu watainuka mkekani wamepatana, na kesho hakuna wa kumwogesha mama yao isipokuwa yeye yule.

Mwadhini ameshatawadha, anapanda ngazi. Ndani kitanda kimetazama barabara, na Bi Mwasiti anasikiliza nyayo. Wanne wamesimama, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuingia.

Basi wewe mwenye akili, usiniangalie mimi. Wanakungoja wewe. Je, ni jina la nani lipelekwe ndani?